Maswali ya Wasomaji: Ukishatoa Mkono, Kifaa Kinabaki Peke Yake

Mwezi huu sanduku limejaa barua za wanafunzi wa vyuo na karibu zote zinazungumzia kitu kimoja, lile somo la vitendo ambalo mnagawiwa bodi yenye maikrokontrola (kompyuta ndogo iliyo ndani ya chipu moja), mota mbili, sensa kadhaa (vifaa vya kuhisi na kupima) na betri halafu mnaambiwa haya, tengenezeni kitu kinachojiendesha chenyewe bila mtu kukigusa. Mi somo hili nalipenda sana, nimelisoma nikiwa mwanafunzi na baadae nimekaa maabara miaka kadhaa nikilisimamia, so leo ukurasa wote ni wake. Nimechagua barua saba.

Swali: Nichukue hili somo au nilinde GPA?

*Mwalimu shikamoo. Niko mwaka wa pili uhandisi wa umeme hapa Dar. Semista ijayo kuna somo la kuchagua la kutengeneza vifaa vinavyojiendesha, halina mtihani wa mwisho wa kuandika, alama zote ni maabara na mradi. Waliotangulia wanasema linakula muda hadi usiku wa manane na mi koding siko vizuri, semista iliyopita nilikwepa sapu kwa alama chache mno. Nishauri.*

Marahaba mdogo wangu. Chukua.

Ngoja nikwambie kwa nini nasema hivyo bila kusitasita. Masomo mengi unayosoma sahizi anayekusahihisha ni mtu, na mtu unaweza kumpa madesa uliyokariri akakupa alama. Hapa anayekusahihisha ni kitu kilichopo sakafuni, na hicho kitu hakijali umeandika ripoti nzuri kiasi gani, ama kinafika mwisho wa mstari mweusi kinaotakiwa kuufuata ama kinaenda kugonga ukuta. Mara ya kwanza inauma ila baada ya wiki mbili tatu unaanza kufikiri tofauti kabisa, unaacha kusema "programu yangu iko sawa" unaanza kuuliza "nimepima?"

Somo la namna hii sio kitu kipya. Kule Marekani, MIT, kuna kozi inaitwa kwa namba tu, 6.270, ilianza 1987, ilikua inafanyika mwezi Januari wakati masomo ya kawaida yamesimama, na walioiendesha walikua wanafunzi wenyewe. Jina lake walilitoa kwenye kozi nyingine ya hapo hapo, 2.70 ya uhandisi wa mitambo, ambayo Woodie Flowers aliifanya iwe maarufu miaka ya 1970, huko wanafunzi walikua wanashindanisha mashine walizounda kwa mikono yao. Tofauti ni kwamba mashine za 2.70 zilikua zinaongozwa na mtu, za 6.270 zilitakiwa zijiongoze zenyewe. Baada ya miaka ya mwanzo, roboti zake zilikua zinajengwa kwa LEGO. Roboti inawekwa mezani, taa inawaka chini yake, inaanza kazi kwa kuiona hiyo taa, na sekunde 60 zikiisha inatakiwa izime mota zake yenyewe. Wewe umesimama pembeni, mkono haugusi.

Hapo kwenye mkono kutogusa ndo roho ya somo lilipo. Kifaa unachokiongoza kwa rimoti makosa yake unayaficha wewe mwenyewe bila kujua, kikienda kushoto kidogo unakirudisha. Kifaa cha kujiendesha kila ulichosahau kukifikiria kinatokea mbele za watu.

Kuhusu koding usiogope. Bodi ya Arduino Uno, moja ya hizo bodi zenye maikrokontrola, kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2 tu na nafasi ya programu ni kilobaiti 32, haiwezekani ikabeba miprogramu mirefu ya kutisha. Ukijua masharti, lupu, namna ya kugawa kazi kwenye vifungu na kusoma pini, unaweza kuanza, mengine yatakuja. Kumbuka Arduino yenyewe ilizaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005 kwenye chuo cha wanafunzi wa usanifu, watu ambao hawakua wahandisi wa umeme. Kwa miaka niliyosimamia maabara niliona wanaoanguka sio wasiojua koding, ni wanaochelewa kukiwasha. Wanachora, wanabishana jina la kikundi, wanasubiri bumu litoke wanunue mota nzuri, wiki ya tisa ndo kitu kinagusa chini kwa mara ya kwanza. Nyie hakikisheni wiki ya tatu kuna kitu kinatembea, hata kama kimefungwa kwa rababendi na kinaenda mbele tu. Na kitu kimoja cha ukweli, usilichukue semista moja na masomo mengine mawili yenye maabara nzito, hapo wenzako hawajakudanganya, muda linakula kweli.

Swali: Ikiwa kwenye laptopu inafanya kazi, kwenye betri inakufa

*Mwalimu, kikundi chetu tuko wiki ya sita na tumekwama. Roboti yetu ya kufuata mstari tukiichomeka kwenye laptopu iko poa, tukiweka betri ya volti 9 taa inawaka ila mota zikianza tu inajizima na kuanza upya, inajizima na kuanza upya. Tumebadilisha programu mara nne. Tumenunua Arduino nyingine. Bado. Wanafunzi, Mbeya.*

Poleni wadogo zangu, na msinunue kitu kingine tena kabla hamjasoma hapa.

Sio programu. Nina uhakika karibu wote, na namna ya kuthibitisha ni dakika mbili: kwenye setup, ile sehemu ya programu inayofanyika mara moja tu bodi ikiwaka, andikeni iwashe taa ya pini 13 sekunde tatu mfululizo halafu izime isiwake tena. Mota zikianza na ile taa ikawaka upya, basi bodi imeanza upya, na bodi ikianza upya wakati ule ule mota zinaondoka, tatizo ni umeme.

Kinachotokea ni hiki. Ile betri ya mraba ya volti 9 ndani yake ni viseli sita vidogo vya volti 1.5 vimepangwa mfululizo, ni betri ya redio ndogo au ya kengele ya moshi, vitu vinavyovuta umeme kidogo kidogo. Mota ikiwa imesimama ndo inaanza kuzunguka, kwa muda mfupi inavuta umeme kama vile imekwama, na hizi mota za manjano za plastiki mbili kwa pamoja zinaweza kuvuta ampea moja hadi mbili. Betri ile haina ubavu huo, volti zinaporomoka, maikrokontrola inaona umeme umeshuka chini ya kiwango, na yenyewe imeumbwa ikiona hivyo ijizime kuliko kufanya mambo ya ovyo. Mota zikisimama volti zinapanda, inaamka, inawasha mota, inaanguka tena. Kwenye laptopu mliona iko poa kwa sababu bodi ilikua inapata volti 5 zake pembeni kupitia waya wa USB, hata betri ikiyumba yenyewe inabaki macho.

Dawa: wekeni betri mbili za 18650 (zile za lithiamu za mviringo, za kuchaji) mfululizo, zinatoa volti 7.4, zikiwa zimejaa 8.4. Kama mnatumia ile bodi nyekundu ya L298N kuendeshea mota, yenyewe inakula kama volti 2 njiani kwa sababu transista zake ni za kizamani, so mota zitapata kama tano na nusu, na hapo ndo zinapopataka. Betri mnunue kwa akili, ukikuta 18650 imeandikwa mAh 9900 (mAh ni kipimo cha umeme betri inaoweza kubeba) iache hapo hapo, nzuri kabisa madukani zinazunguka 3500. Na kama fundi anawapa zilizotolewa kwenye betri kuu kuu za laptopu hakikisheni kila moja imepimwa na ina kinga ya shoti, hizi zikipata shoti zinawaka moto na sitanii.

Halafu chomeleeni kapasita (kifaa kinachohifadhi umeme kidogo) ndogo ya nanofaradi 100 moja kwa moja kwenye miguu miwili ya kila mota, na nyingine kubwa ya maikrofaradi 470 au 1000 pale umeme wa mota unapoingilia, mwangalie hasi na chanya msigeuze. Na graundi zote, yaani nyaya za hasi, ziungane, ya betri, ya bodi ya mota, ya Arduino. Hii ya graundi naandika kila mwaka na kila mwaka kuna kikundi kinalala maabara kwa ajili yake.

Mkimaliza, pimeni volti kwa mita wakati mota zinaanza, sio zikiwa zimesimama. Betri iliyochoka ikiwa haina kazi inasoma volti nzuri tu, inawadanganya. Mwaka wangu kikundi chetu tulipoteza siku nne kwa kosa hilo hilo, tulipima betri mezani tukaona iko sawa tukaenda kuvunja programu iliyokua haina kosa lolote. Tangu siku hizo kifaa kikiniletea kichaa naanza na mita, programu naifungua mwisho.

Swali: Mwanangu anasoma au anacheza?

*Habari yako mwalimu. Mimi ni mama, niko Tanga, mwanangu yuko chuo mwaka wa tatu. Likizo hii amekuja na boksi la nyaya na vigari, anakaa usiku na risasi ya kuchomelea, moshi ndani, na kila wiki anaomba hela ya "sensa". Anasema ni masomo. Siku zetu sisi masomo yalikuwa madaftari. Naomba unieleze ukweli, nisije nikamzuia bure au nikamuachia akapotea.*

Shikamoo mama. Ni masomo kabisa, tena ndo yale ambayo akija kuomba kazi atakua na kitu cha kuweka mezani. Usimzuie.

Ila una haki ya kuuliza hela inaenda wapi, na nitakupa swali la kumuuliza: "nionyeshe daftari lako la mradi". Mwanafunzi anayefanya vizuri hili somo anakua na daftari, tarehe, alichojaribu, kilichotokea, alichopima, michoro ya nyaya. Akikuonyesha hata kama huelewi ndani utaona kama kuna kazi. Akikosa la kukuonyesha basi zungumza nae.

Kuhusu gharama, mwambie anunue bodi za kopi. Sio wizi mama, waliobuni Arduino waliiacha michoro wazi kila mtu anaruhusiwa kutengeneza, kilichozuiwa ni kutumia jina lao. Vitu kama mota na nyaya anaweza kuvitoa kwenye printa na deki za CD za zamani zilizokufa kwa mafundi, wengine wanavitupa. Sensa moja ikiungua anunue moja, ila ikiungua ya tatu ya aina ile ile basi kuna mahali amekosea na anatakiwa apumzike asome kabla hajanunua ya nne.

Na ule moshi, akae dirishani au uani, feni ipulize moshi usimwendee usoni. Na anawe mikono kwa sabuni kabla hajala, risasi nyingi za kuchomelea zina madini ya risasi kweli, na watoto wadogo wa nyumbani wasichezee mabaki yake. Hilo naomba ulisimamie wewe maana vijana hatusikiagi.

Swali: Wao wanashika roboti, mi naandika ripoti

*Shkamoo mwalimu. Kikundi chetu tuko watano, mi peke yangu ndo msichana. Tangu siku ya kwanza nimepewa kuandika ripoti na kutengeneza slaidi. Nikisogea mezani naambiwa "wewe una mwandiko mzuri, hii tuachie". Mradi unaisha wiki nne zijazo na sijawahi hata kupakia programu kwenye bodi. Alama nitapata maana tunapewa za kikundi. Lakini najua sijajifunza kitu. Nifanyeje bila kuharibu urafiki?*

Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Hii nimeiona maabara kila mwaka, na naomba niseme wazi, sio jambo dogo la kuvumilia. Umelipa ada ile ile, umeamka saa ile ile. Somo hili hakuna namna nyingine ya kulijua zaidi ya kushika, so mtu akikuzuia kushika amekunyima somo zima, sio sehemu yake.

Fanya hivi. Kesho usiombe kusogea mezani, omba kipande kizima kiwe chako. Chagua kitu kinachojitegemea ambacho kinaweza kujaribiwa peke yake, mfano sensa za mstari. Waambie "mi nachukua sensa, Ijumaa naleta zikisoma vizuri kwenye mwanga wa jua na kwenye mwanga wa taa". Nakuhakikishia hakuna aliyefanya hiyo kazi, kwa sababu kila kikundi kinapima sensa za infraredi mezani chini ya taa halafu siku ya maonyesho dirisha liko wazi, jua lina infraredi kibao, roboti inapotea. Kaa nayo, soma thamani kwenye nyeupe, soma kwenye nyeusi, asubuhi na mchana na jioni, andika, halafu tengeneza kifungu cha programu ambacho roboti ikiwashwa inajipima yenyewe kwanza sekunde chache ndo inaamua mpaka kati ya nyeupe na nyeusi uko wapi. Hiyo ni kazi ya watu wazima, na itakua yako.

Ripoti nayo iwe ya zamu, kila wiki mtu mmoja. Sema mbele ya wote kwa upole. Wakikataa, nenda kwa msimamizi wa maabara, na wala sio kushtaki, kazi yake ndo hiyo. Mi nilipokua nasimamia niliweka utaratibu kwamba siku ya kukagua mradi naokota mtu yeyote kwenye kikundi namwambia chomoa waya huu, nieleze nini kitatokea, halafu ujaribu. Tangu hapo vikundi vilianza kufundishana vyenyewe. Mwambie msimamizi wako afanye hivyo, mwambie umesoma hapa.

Na urafiki, rafiki anayefurahia wewe usijue kitu sijui tumwiteje. Ila wengi wao hata hawajagundua wanachofanya, ukiwaambia watasogea.

Swali: Inaona ukuta lakini bado inagonga

*Assalamu aleikum mwalimu. Niko Mombasa, diploma. Gari yangu ina sensa ya masafa ya sauti, HC-SR04, nimeiambia ikifika sentimita 20 igeuke. Nikishika kitabu mbele yake kwa mkono namba zatoka sawa kabisa. Ikiwa yaenda, mara yageuka mara yagonga ukuta moja kwa moja. Nimeongeza hadi sentimita 40, bado.*

Waaleikum salaam ndugu yangu. Naomba uangalie programu yako uhesabu umeandika delay, ile amri ya kusubiri, mara ngapi. Sijaiona lakini naamini zipo, kuna moja baada ya kugeuka, moja baada ya kuandika namba kwenye skrini, labda moja ya kupepesa taa.

Delay ya 1000, yaani milisekunde 1000, maana yake unamwambia dereva afumbe macho sekunde nzima huku gari linatembea. Kama gari lako linaenda sentimita 50 kwa sekunde, huo ndo umbali linaokwenda likiwa kipofu, so hata ukiweka 40 litagonga tu ikiwa ukuta umetokea wakati limefumba. Ukishika kitabu kwa mkono huoni tatizo kwa sababu hakuna kinachotembea.

Badala ya kusubiri, tumia saa. Kuna millis, inakupa milisekunde zilizopita tangu bodi iwake. Unaandika wakati ulioanza kugeuka, halafu kila mzunguko wa lupu unauliza zimeshafika mia nne? hazijafika, endelea kugeuka na soma sensa, zimefika, nyoosha. Lupu inazunguka mara nyingi kwa sekunde na macho hayafumbwi. Siku zote chukua wakati wa sasa utoe wakati ulioanza, usijumlishe mbele, kwa sababu hiyo hesabu ikifika siku 49 na ushee inarudi sifuri, gari lako halitafika huko ila siku moja utatengeneza kitu kitakachofika.

Halafu igawe tabia ya gari katika hali, kwenda, kurudi nyuma, kugeuka, na kila wakati iko kwenye hali moja tu na unajua nini kinaitoa pale kwenda nyingine. Zichore kwenye karatasi kwanza, viduara na mishale. Ukishindwa kuchora hutaweza kuandika.

Kingine, pulseIn, ile amri inayopima muda wa mwangwi kurudi, usipoipa kikomo inaweza kusubiri mwangwi sekunde nzima, mfano waya wa sensa ukichomoka. Na ikikosa mwangwi inarudisha sifuri. Sasa wewe sifuri umeichukulia vipi, ukuta uko karibu kabisa au mbele hakuna kitu? Hapo napo ajali nyingi zinatokea. Mpe kikomo cha maikrosekunde 25000 hivi, ni zaidi ya mita 4 kwenda na kurudi, zaidi ya hapo hiyo sensa haioni. Ukuta ukiwa wa mshazari sauti inarukia pembeni hairudi, pazia nalo linaimeza, so weka na swichi mbili za kugusa kwenye bampa ya mbele kwa ajili ya zile siku macho yanadanganywa.

Joto la Mombasa pia linabadilisha kasi ya sauti kidogo, nyuzi 32 sauti inaenda kama mita 350 kwa sekunde badala ya zile 340 za kwenye mafunzo, ila kwa sentimita 20 kosa halifiki hata sentimita moja, usihangaike nalo.

Swali: AI iniandikie programu?

*Mwalimu inaruhusiwa? Kila mtu anafanya. Dodoma.*

Muulize msimamizi wako sheria ya chuo chenu na uifuate. Kwa upande wangu, iulize ikueleze, usiiulize ikumalizie. Haijui waya wako wa kijani umeuchomeka pini ya ngapi, haioni kwamba gurudumu la kushoto linaburuza, na siku roboti imesimama katikati ya uwanja utatakiwa ujue mstari gani wa programu ulikua unafanya kazi sekunde ile. Programu usiyoweza kuisoma kwa sauti mstari kwa mstari usiipakie.

Swali: Nimeiacha shambani ikafa

*Mwalimu heshima yako. Nasoma kilimo Morogoro, tulichukua hili somo pamoja na watu wa uhandisi, mradi wangu ni kumwagilia bustani, sensa ya unyevu ardhini, Arduino Uno, relei (swichi inayowashwa kwa umeme) na pampu ndogo. Maabara nilipata A. Nikaipeleka shambani kwa baba, nimeweka betri mbili za 18650 za mAh 2600 kwa ajili ya bodi, pampu ina betri yake ya gari. Siku ya tatu asubuhi baba kapiga simu kitu kimekufa. Nikaja nikaweka betri nyingine, safari hii pampu ikagoma kuzima, maji yamemwagika usiku kucha mpaka tangi likaisha, mchicha wote umelala. Baba hajasema kitu lakini nimeumia. Nimekosea wapi?*

Pole sana mdogo wangu, na hongera, kwa sababu umefanya kitu ambacho wengi hawafanyi, umekitoa maabara. Maabara ulikua karibu nacho. Shambani kilibaki peke yake, na sasa ndo somo lenyewe limeanza.

Kufa kwake ni hesabu. Bodi ya Uno hata isipofanya chochote inavuta kama miliampea 50, kuna chipu ya USB, kuna kirekebisha volti kinachopoteza umeme kwa joto, kuna kataa kanawaka mchana kutwa. Betri mbili zikiwa mfululizo volti ndo zinajumlishwa, mAh inabaki 2600. Gawa 2600 kwa 50, unapata saa 52. Siku mbili na saa nne. Haikuharibika, ilikula chakula chote. Chipu yenyewe ya ATmega328P ukiitoa kwenye hiyo bodi ukaiweka peke yake na ukailaza usingizi, inavuta maikroampea chache tu. Ardhi haikauki ndani ya dakika moja, so iamke kila baada ya robo saa, isome, iamue, ilale. Ndani ya chipu kuna taima inaitwa wochidogi inayoweza kuiamsha, mwisho wake sekunde 8, unahesabu tu imeiamsha mara ngapi. Pawabanki usijaribu, nyingi zikiona unavuta umeme kidogo hivyo zinajizima zikidhani simu imejaa.

Sasa la pampu, hili ndo lililoniweka mezani muda mrefu. Nadhani sensa yako ni ile ya miguu miwili ya chuma inayopitisha umeme kwenye udongo. Ikikaa na umeme muda wote miguu yake inalika, wiki chache tu imeisha. Na mguu ukilika au panya akikata waya, sensa inasoma nini? Inasoma "kavu kabisa". Programu yako ikasikia kavu ikafungua maji, ikasoma tena, bado kavu, na itaendelea kusoma kavu mpaka mwisho wa dunia. Kwa mujibu wa programu kila kitu kilikua sahihi.

Badilisha uweke sensa ya kapasita, yenyewe chuma chake hakigusi udongo, uipake vanishi kwenye kingo na kule juu kwenye vipande vya umeme. Iwe inapewa umeme wakati wa kusomwa tu. Kabla hujaizika isome ikiwa kwenye hewa kavu na isome ikiwa kwenye glasi ya maji, andika hizo namba mbili, na programu ijue kwamba chochote nje ya hapo maana yake sensa inaumwa, na sensa ikiumwa maji yanafungwa. Halafu bila kujali sensa inasema nini, pampu isizunguke zaidi ya dakika kumi kwa mara moja na isizidi idadi fulani kwa siku, idadi hiyo kaa chini na baba mpange, yeye anajua shamba linakunywa kiasi gani kuliko sisi wote.

Wochidogi iweke pia kama mlinzi, programu ikiganda bodi ianze upya yenyewe. Na ikianza upya kitu cha kwanza kabisa kiwe kuzima pampu. Hapa kuna kamtego, relei nyingi za bodi za bluu zinawaka pini ikiwa chini, so andika pini iwe juu KWANZA halafu ndo uitangaze kuwa ya kutoa, ukianza kuitangaza pampu inashtuka kila bodi inapoamka.

Vitu vyote viingie kwenye boksi lenye mpira mlangoni, nyaya zitokee chini sio juu ili maji ya mvua yasifuate waya kuingia ndani, na uzibe tundu vizuri, sisimizi wanapenda kuingia kwenye relei.

Ukimaliza usikipeleke shamba moja kwa moja. Kiweke uani siku saba huku tangi lina ndoo moja tu ya maji. Kila siku kifanyie ubaya mmoja kwa makusudi, leo chomoa waya wa sensa, kesho chomoa betri pampu ikiwa inazunguka uirudishe, keshokutwa tumbukiza sensa kwenye maji, siku nyingine bonyeza kitufe cha kuanza upya mara kumi mfululizo. Baba awepo, yeye ndo atakaekaa nacho. Kila mara angalia kitu kimoja tu, maji yamesimama? Andika kwenye daftari. Ndoo ikibaki na maji siku zote saba, kipeleke shambani, na uniandikie baada ya mwezi uniambie mchicha umefikia wapi.